Nyumbani Mwetu: Machozi ya Siku ya Tatu

Twajua sote jinsi habari ya mtoto mchanga inavyopokewa katika mitaa na vijiji vyetu. Baba hupeleka neno kwa ndugu zake. Majirani huja na sabuni, na kuni, na kuku aliyefungwa miguu. Mlangoni shangazi hupiga vigelegele. Mama amejifungua salama, mtoto ana sauti ya nguvu, mkunga amempima na kusema kwamba uzito wake wafaa. Halafu, siku ya tatu au ya nne, mgeni huingia chumbani akamkuta mama ameelekeza uso ukutani, machozi yakimtiririka. Akiulizwa anaumwa wapi, hujibu kwamba hakuna mahali panapouma. Akiulizwa nani amemkosea, hujibu: hakuna.

Hapo nyumba huanza kunong'ona. Mmoja husema kwamba mama huyu hampendi mtoto wake. Mwingine husema ni deko la wasichana wa siku hizi waliosoma. Wa tatu huuliza kama mahari imekwisha kulipwa, kwa maana labda wazee wa upande wa mke wamekasirika. Na wa nne, ambaye kila jamaa anaye, hushusha sauti na kutaja jina la jirani. Juma hili twataka kusema juu ya machozi hayo, kwa sababu nyumba nyingi hupotewa na amani kwa kutoyafahamu, na nyumba nyingine zimepotewa na mama mwenyewe.

Neno la kwanza ni hili: machozi ya siku zile za mwanzo si ajabu hata kidogo. Katika wanawake waliojifungua, zaidi ya nusu huyapata, weusi kwa weupe, matajiri kwa maskini, mwenye mtoto wa kwanza na mwenye mtoto wa sita. Huanza siku ya pili au ya tatu, hupata nguvu karibu na siku ya nne au ya tano, kisha hupungua na kwisha yenyewe kabla majuma mawili hayajatimia. Katika siku hizo mama aweza kucheka na kulia ndani ya saa moja. Neno dogo humchoma. Mtoto akipiga chafya yeye hushtuka. Mtoto akilala kimya yeye huamka kutazama kama anapumua. Hapo hatuna ugonjwa wa kutafutiwa dawa.

Yatoka wapi? Wakati wa mimba, kondo la nyuma huingiza katika damu ya mama homoni nyingi sana, yaani vitu vile ambavyo mwili hujitengenezea ili kuongoza kazi zake. Kondo likiisha kutoka, homoni hizo huanguka kwa ghafula katika siku chache, mfano wa mtu aliyebebwa juu mabegani kisha akaachiliwa. Siku hizo hizo maziwa huingia matitini, nayo huuma. Damu imepotea, jeraha bado bichi, usingizi umekatwa vipande vipande. Hata hivi, madaktari hawakubali kwamba homoni peke yake ndizo chanzo, kwa maana hupungua kwa wanawake wote, lakini si wote hulia. Mwili, na uchovu, na hofu, na mambo ya nyumbani huchanganyika pamoja. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Twawaheshimu wazee, lakini aliyetunga methali hiyo huenda alikuwa mwanamume.

Basi mzazi huyu asaidiweje? Tuseme mama mkwe ameingia chumbani. Kuna maneno yanayosemwa karibu katika kila nyumba: «Unalia nini, mwanangu? Wenzako wanazika, wewe umepata mtoto mzima, tena mwanamume. Mshukuru Mungu, unyamaze.» Maneno hayo hayatoki katika moyo mbaya. Lakini mzazi aliyeambiwa hivyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba kesho afiche machozi yake. Naye kesho huyaficha, na kesho kutwa, na kama ndani ya machozi hayo kuna ugonjwa, hakuna atakayeuona.

Mama mkwe mwingine huketi kando ya kitanda, akanyosha mikono. «Mwanangu, nami nilipomzaa mume wako nililia siku tatu, nisijue kwa nini. Mlete mtoto, nitamshika mimi. Uji wako huu hapa. Kunywa, ulale mpaka atakapotaka kunyonya.» Hakutoa mafundisho yoyote. Amempa mzazi uji, na usingizi wa saa mbili, na habari kwamba yeye si wa kwanza.

Na akina baba? Twajua kwamba wengine watacheka wakisoma mistari hii. Lakini maji yatekwe na nani, ikiwa mama wa mtoto hawezi kuinama? Vitambaa vya mtoto vifuliwe na nani, usiku, ikiwa wageni wamekwenda zao na dada yake amerudi kijijini? Mume aweza pia kulinda mlango. Wageni ni heshima, lakini wageni ishirini katika siku moja, kila mmoja akitaka kumshika mtoto na kula kitu, humchosha mzazi kuliko kulima. Mume aseme kwa adabu: «Mama mtoto amelala, tusameheni, karibuni Jumapili.» Hakuna atakayekasirika, na akikasirika atapoa.

Mababu zetu waliyajua haya bila kitabu. Katika Rwanda mzazi alikaa kitandani katika siku zilizoitwa ikiriri, mpaka siku ya nane mtoto alipopewa jina. Waswahili wa pwani wana siku zao arobaini: mzazi hukaa ndani, hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa vyakula vya kumrudishia nguvu. Na katika nchi yetu ya Kongo, Waekonda walio upande wa ziwa Tumba na ziwa Mai-Ndombe wamevuka wote. Kwao mama wa mtoto wa kwanza huitwa walé. Hurudi kwa wazazi wake, akatengwa na mumewe, akapakwa unga mwekundu wa mti wa ngola uliochanganywa na mafuta, akatunzwa na wanawake wengine, na kazi nzito humpita. Zamani jambo hili lilichukua hata miaka. Siku ya kutoka kwake hufanyiwa sikukuu, naye mwenyewe hucheza na kuimba mbele ya watu habari za kutengwa kwake. Hatusemi kwamba turudi kwenye miaka hiyo. Mume gani wa Lubumbashi angekubali? Lakini tutazame maana yake. Desturi hizo zilimwambia mwanamke: umefanya kazi kubwa, sasa wewe ndiwe wa kutunzwa.

Mjini mambo ni mengine. Mama hutoka hospitali siku ya pili au ya tatu, hupanda pikipiki na mtoto kifuani, hufika katika chumba kimoja cha kupanga. Mama yake mzazi yuko mbali, safari ya siku mbili kwa gari au kwa mashua. Mume ni lazima aende kazini, au kutafuta kazi. Wengine hulala wakihesabu deni la hospitali. Na imejulikana katika nchi yetu kwamba wazazi walizuiliwa wodini mpaka jamaa walipolipa. Mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, nao ulikuwa mwanzo mzuri. Tukiona mzazi wa mjini analia, tusiulize kwanza nani amemroga. Tuulize amelala saa ngapi, na nani anampikia.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuishike kalamu. Tulisema kwamba machozi ya kawaida hayapiti majuma mawili. Kwa hiyo twawaomba mume, na mama mkwe, na dada, wahesabu siku. Yafaa kuandika siku ya kuzaliwa mtoto nyuma ya mlango, kama wengi wafanyavyo kwa siku ya ubatizo, na kutazama siku ya kumi na nne. Ikiwa siku hiyo imepita na huzuni ingali pale, au imezidi, tusiseme tena «atazoea». Huo sasa ni ugonjwa, nasi tutauita huzuni ya uzazi.

Alama zake ni hizi. Mama hapendi tena kitu chochote alichokipenda. Mtoto amelala, nyumba yote iko kimya, naye hawezi kulala. Chakula hakina ladha. Ajiona hafai kitu, na kwamba mtoto angepata mama mwingine ingekuwa afadhali. Wengine hawalii kabisa: wamekauka, hutazama mtoto kama wanavyotazama mzigo wa mtu mwingine. Wengine wana hasira juu ya kila jambo, na watu husema amekuwa mkali. Wengine, katika lugha yetu ya kila siku, husema tu: «Nina mawazo mengi,» au hulalamika juu ya kichwa na mgongo na moyo unaopiga, na kituo cha afya huwapa vidonge vya malaria. Mara nyingi ugonjwa huanza katika majuma ya kwanza. Mara nyingine ulianza tangu mimba, na mara nyingine huja kwa siri baada ya miezi.

Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba, katika wanawake 100 waliojifungua, karibu 13 hupata ugonjwa wa akili, na hasa huzuni hii. Katika nchi zilizo maskini hukaribia 20. Na tuhesabu basi. Jumapili moja, benchi mbili za akina mama wenye watoto mgongoni, kumi kwa jumla: mmoja au wawili kati yao wanao ugonjwa huu, na huenda wanaimba pamoja na wenzao.

Wala si mama peke yake anayeumia. Uchunguzi uliofanywa katika nchi maskini waonyesha kwamba watoto wa mama mwenye huzuni hupungua uzito zaidi na huharisha mara nyingi zaidi kuliko wengine. Haitokani na ukosefu wa upendo. Mtu aliyebeba jiwe kifuani huchelewa kuamka, huchelewa kunyonyesha, husahau kuchemsha maji. Nao mwisho mbaya kuliko yote twautaja bila kuzunguka: wako wanawake waliojiua kwa sababu ya ugonjwa huu, na majirani wakasema kwamba hawakuona kitu.

Kwa nini hawakuona? Kwa sababu ya aibu, na aibu hulindwa na maneno ya watu. Baganda wa Uganda wana ugonjwa waitao amakiro. Humshika mwanamke karibu na kuzaa au baada yake. Akili yake huvurugika, na husemwa kwamba aweza hata kutaka kumla mtoto. Chanzo chake, kwa mapokeo yao, ni uzinzi wa mke au wa mume wakati wa mimba. Mwingereza mmoja, daktari John Cox, aliyefanya kazi Uganda, aliichunguza habari hiyo akaiandika mwaka 1979. Alilinganisha pia akina mama wa Uganda na akina mama wa Scotland, akakuta kwamba huzuni ya uzazi iko pande zote mbili. Tuwaze sasa hali ya mwanamke mwaminifu aliyeshikwa na ugonjwa huu katika nyumba inayoamini hivyo. Akisema «ninaumwa», ni kana kwamba ameungama dhambi asiyoifanya. Atanyamaza. Huku kwetu Kongo jina la ugonjwa huenda ni lingine, lakini kisa ni kile kile: huulizwa kwanza mwanamke alifanya nini. Wasomaji wetu Wakristo hutuuliza wakati mwingine kama huzuni hii ni dhambi ya kukosa shukrani. Hapana. Kuugua si dhambi, wala kwa mapafu wala kwa akili.

Daktari huyo huyo, pamoja na wenzake wawili, alitoa mwaka 1987 maswali kumi yanayoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Yamefasiriwa katika lugha nyingi, na mwuguzi aweza kuyauliza kwa dakika chache. Huuliza juu ya siku saba zilizopita: kama mama ameweza kucheka, kama hujilaumu bila sababu, kama hofu humshika bure, kama hukosa usingizi kwa huzuni. La mwisho huuliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Watu wengi huogopa kuuliza swali hilo, wakidhani watamfundisha mgonjwa jambo ambalo hakuliwaza. Sivyo. Mwenye wazo hilo huwa nalo tayari, na akiulizwa kwa upole mara nyingi hushukuru kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Je, una dawa ugonjwa huu? Unayo, na nyingine ni rahisi kuliko mnavyodhani. Katika vijiji karibu na Rawalpindi, Pakistan, wanawake wa kijijini wenye kazi ya afya, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye huzuni, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Walizungumza nao juu ya afya ya mama mwenyewe, juu ya mtoto, na juu ya watu wanaomzunguka, wakiyageuza polepole mawazo ya kukata tamaa. Akina mama wengine walitembelewa vilevile, ila bila mazungumzo ya namna hiyo. Mtoto alipofika miezi 6, katika kila 100 wa kundi la pili 53 walikuwa bado wagonjwa, na katika kundi la kwanza 23. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2008, na mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia likaifanya njia hiyo kuwa kitabu cha mafundisho kwa nchi zote.

Na jirani zetu wa Zimbabwe wametumia akina nyanya. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare: benchi la mbao nje ya kituo cha afya, na juu yake mwanamke mzee aliyefundishwa kusikiliza. Kazi yake haikuwa kwa ajili ya wazazi peke yao. Lakini tazameni hekima yake: hakutumia majina ya kizungu ya magonjwa. Alitumia neno la Washona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, lile lile ambalo sisi twaliita mawazo mengi. Mabibi wa parokia zetu wanaoketi chini ya mwembe baada ya Misa, je, wangeshindwa na kazi hiyo wakifundishwa? Twadhani hawangeshindwa.

Huzuni ikiwa nzito, daktari huongeza dawa za kumeza. Akina mama wengi wakisikia hivyo huacha mara moja kunyonyesha, au hutupa vidonge. Wasifanye lolote kati ya haya bila kuuliza. Ziko dawa, kama ile iitwayo sertraline, ambazo huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mama huzitumia huku akinyonyesha. Mwaka 2023 Marekani ilikubali kidonge cha kwanza kilichotengenezwa kwa ugonjwa huu wenyewe, nacho ni zuranolone, kinachomezwa kwa siku 14. Lakini bei yake ni ya matajiri, basi tusikingojee.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya akina mama wa mashariki ya nchi yetu. Wako waliozaa kambini, chini ya turubai, baada ya kukimbia. Wako ambao mimba yao ilitokana na jeuri ya watu wenye silaha. Huyo wa mwisho akilia mbele ya mtoto wake, asiambiwe afurahi, wala asiulizwe mbele ya watu. Na asitengwe naye, wala mtoto asipewe jina la kumkumbusha lile jambo maisha yake yote. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, ilijifunza mapema kwamba kumponya mwanamke kama huyo jeraha la mwili bila kumtunza moyo ni kumponya nusu.

Limebaki jambo la tatu, nalo halingoji siku kumi na nne. Katika wazazi 1,000, mmoja au wawili hushikwa na wazimu wa uzazi. Huja kwa ghafula, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Mama halali usiku kucha wala hachoki. Asema mbio, au anyamaza kabisa. Asikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Aamini kwamba mtoto amebadilishwa, au kwamba yeye ametumwa kufanya jambo kubwa. Saa hii amepotea, saa ijayo aonekana mzima, na jamaa hudanganyika. Daktari Mfaransa, Louis-Victor Marcé, aliandika kitabu kizima juu ya wazimu wa wazazi mwaka 1858, basi ugonjwa huu si mpya wala si wa Waafrika peke yao.

Mzazi wa namna hii apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Kabla ya yote daktari atafute homa na damu. Maana katika nchi zetu, mzazi anayeweweseka aweza kuwa na uchafu katika tumbo la uzazi, au malaria ya kichwani; na akiumwa kichwa sana, macho yakimfanya giza, miguu na uso vimevimba, huenda ni ugonjwa wa presha wa wazazi, ule unaoleta kifafa hata baada ya kujifungua. Hayo huua kwa saa chache, nayo yana dawa. Safarini na nyumbani asiachwe peke yake, wala asiachwe na mtoto bila mtu mwingine kuwapo. Asipigwe. Asifungwe kamba. Na twasema wazi juu ya vile vyumba vya maombi ambamo wagonjwa hufungwa minyororo na kunyimwa chakula ili pepo atoke: mama anayenyonyesha akifungishwa siku tatu hurudi mgonjwa zaidi, na maziwa yamekauka. Mwombeeni akiwa hospitalini. Mungu husikia na huko.

Wengi wa wagonjwa hawa hupona kabisa wakitunzwa upesi. Lakini aliyeupata mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuupata tena akizaa mwingine, na vivyo hivyo mwanamke aliyewahi kuugua akili kabla ya kuolewa. Jamaa wasimfiche mkunga jambo hilo kwa heshima ya ukoo. Wamwambie mapema, mimba ingali changa. Bukavu kuna kituo cha SOSAME na Goma kuna Tulizo Letu, vyote kazi ya Mabruda wa Upendo. Lubumbashi kuna hospitali yenye jina la daktari Joseph Guislain. Njia ikiwa imefungwa kwa vita au kwa umaskini, mwuguzi wa kituo cha karibu ndiye wa kwanza kuambiwa.

Na tuonyeshe mahali ambapo neno hili laweza kuanza juma hili hili. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14. Mama husimama katika mstari tangu asubuhi. Mtoto hupimwa uzito, huandikwa katika karatasi yake, hudungwa sindano, hulia, na mstari husogea. Mara tatu mama amesimama mbele ya mtu wa afya, na mara tatu huenda hakuna aliyemwuliza yeye amelalaje. Wauguzi wetu wana kazi nyingi kupita kiasi, twajua. Basi mume atakayeweza aende pamoja naye mara moja kati ya hizo tatu, au mama mkwe aende. Mtoto akiisha kushuka katika mizani, wamwambie mwuguzi kwa sauti ya chini: «Mtoto ni mzima. Lakini mama yake, ni juma la sita sasa, bado analia, wala halali. Tunaomba umwone na yeye.»